Mfalme Henry, Askofu Mkuu na askari Williams: juu ya mchezo mmoja wa Shakespeare

Wafratri wa falsafa walipotaka kucheza teatri siku ya sikukuu ya msimamizi wa seminari, walichagua Henry V wa Shakespeare. Tuliitwa kuwasaidia kugawanya kazi za wachezaji. Kumi na mmoja walitaka kuwa mfalme. Wawili walikubali kuwa maaskofu, bila furaha kubwa, kwa sababu mavazi yalikuwa tayari katika sakristia. Lakini hakuna hata mmoja aliyetaka kuwa Williams, yule askari mdogo. Mwishoni kazi hiyo tulimpa fratri mmoja aliyechelewa kufika mkutanoni, naye aliipokea kama mtu anayepokea kitubio.

Jambo hilo limetukaa moyoni. Tumeona vema kuandika kurasa hizi juu ya mchezo wenyewe, tupate kuonyesha namna unavyosema juu ya mabwana wakubwa wa Uingereza, uwezo wao na majivuno ya taifa lao, na kwa nini twaona kwamba Williams ndiye aliyeuliza swali kubwa kupita yote, na kwamba swali lenyewe latuhusu sisi mapadri zaidi kuliko wafalme.

Wengi wenu mmemjua Shakespeare kwa Kiswahili, katika Julius Caesar aliyotafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1963. Henry V sisi tumeisoma kwa Kifaransa cha François-Victor Hugo, mwana wa Victor Hugo yule mshairi, na Kiingereza chenyewe tukakiweka kando pamoja na kamusi. Mchezo ulitungwa mwaka 1599, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, lakini habari yake ni ya miaka 184 nyuma. Mwaka 1415 Mfalme Henry wa Tano avuka bahari kudai ufalme wa Ufaransa. Auteka mji wa Harfleur. Kisha tarehe 25 Oktoba, sikukuu ya watakatifu Krispino na Krispiniano, awashinda Wafaransa huko Azincourt, ingawa askari wake ni wachache, wagonjwa na wachovu. Mwishoni apatana nao na kumposa Katherine, binti wa mfalme wa Ufaransa. Kwa Waingereza wengi hakuna kitabu kinachoamsha fahari ya taifa kuliko hiki. Mwaka 1944, vita vikiwa bado vinawaka, Laurence Olivier alikitengenezea sinema na kuitolea kwa heshima ya askari wao wa makomando na wa miavuli.

Mtu anayesikia hayo angengoja mchezo uanze kwa tarumbeta na farasi. Kweli kuna mtu anayetangulia kusema maneno makubwa juu ya wafalme na mapambano. Lakini mara anapotoka, wanaingia maaskofu wawili: Askofu Mkuu wa Canterbury na Askofu wa Ely. Wanaongea juu ya mali.

Siku zile maaskofu na maabati walikuwa wenyewe mabwana wakubwa, wakikaa katika baraza la taifa pamoja na wale wanaoitwa malodi. Na hata leo maaskofu 26 wa Kanisa la Anglikana wana viti vyao huko. Basi Askofu Mkuu amhadithia mwenzake kwamba kuna sheria inayotaka kuletwa tena barazani, ya kulinyang'anya Kanisa mashamba ambayo waamini waliliachia walipokufa. Ahesabu yote kama mtunza hazina: mali hiyo ingetosha kuwalisha makonti 15, wapanda farasi 1,500, na mabwana wadogo 6,200, ingetosha nyumba 100 za maskini na wakoma, na kila mwaka pauni 1,000 zingebaki kwa mfalme. Ely auliza dawa ni nini. Dawa imekwisha kutengenezwa: Askofu Mkuu amemwahidi mfalme fedha nyingi kuliko zote ambazo mapadri wa Uingereza walipata kuwapa wafalme waliotangulia, kwa ajili ya mambo ya Ufaransa. Kisha wanaingia kwa mfalme.

Sasa twaombeni msome polepole. Mfalme amwonya Askofu Mkuu kwa maneno mazito sana. Amwambia kwa jina la Mungu asipinde ukweli, kwa maana damu nyingi itamwagika kwa sababu ya jibu lake, na kila tone litakuwa mashtaka juu ya yule aliyeuchochea upanga. Ndipo Askofu Mkuu atoa hotuba ndefu, ndefu kweli, juu ya sheria ya Wasaliki, ile inayokataza mwanamke asirithi ufalme. Ataja wafalme wa zamani waliosahauliwa na kila mtu, ataja mito ya Ujerumani, na mwisho asema kwamba sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya Ufaransa. Kwa hiyo Henry, ambaye baba wa babu yake alizaliwa na binti wa mfalme wa Ufaransa, ana haki ya taji. Mfalme auliza mara ya pili, kwa ufupi: je, naweza kudai kwa haki na kwa dhamiri safi? Askofu Mkuu ajibu kwamba dhambi, kama ipo, ikae juu ya kichwa chake yeye.

Wafratri wetu walicheka katika hotuba ile ya mito na wafalme, na hata katika sinema ya Olivier karatasi za maaskofu zinaanguka huku na huku ili watu wacheke. Katika sinema aliyotengeneza Kenneth Branagh mwaka 1989, maaskofu wale wananong'ona gizani, na hapo hakuna wa kucheka. Sisi twaona Branagh amesoma vizuri zaidi. Kwa maana hotuba ile ina shimo, na shimo lenyewe si la kuchekesha. Kama haki ya ufalme yaweza kupita kwa mwanamke, basi taji la Uingereza lenyewe si la Henry. Ni la Edmund Mortimer, wa uzao wa kaka mkubwa, ambaye haki yake ilipita kwa mwanamke, Philippa. Baba yake Henry alikuwa amelinyakua taji mwaka 1399 kutoka kwa Mfalme Richard wa Pili. Kumbe hoja inayompa Henry Ufaransa inamnyang'anya Uingereza! Hakuna mtu barazani anayesema hivyo. Lakini punde kidogo mabwana watatu wanakamatwa bandarini Southampton kwa kutaka kumwua mfalme, na mmoja wao ni Richard, Konti wa Cambridge, aliyemwoa dada yake Mortimer. Katika mchezo Cambridge asema tu kwamba si dhahabu ya Wafaransa iliyomvuta. Nini basi? Ananyamaza, akaenda kukatwa kichwa. Mwaka 1461 mjukuu wake alichukua taji la Uingereza kwa haki ile ile ya akina Mortimer.

Hapa yafaa tuseme neno la haki kwa upande wetu. Askofu Mkuu Henry Chichele, mtu wa kweli, je, alifanya hayo? Habari hii Shakespeare aliipata kwa Holinshed, katika chapa ya mwaka 1587, naye Holinshed aliipata kwa Edward Hall, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1548. Hall alikuwa mwanasheria aliyempenda sana Henry wa Nane, mfalme yule aliyezifunga monasteri zote kati ya mwaka 1536 na 1540 na kugawa mashamba yake. Mtu wa namna hiyo alikuwa na faida ya kuonyesha kwamba maaskofu wa zamani waliipenda mali kuliko ukweli. Tungeweza basi kufunga kitabu na kusema: ni masingizio ya Waprotestanti. Baadhi ya wenzetu husema hivyo, na kwa habari ya Chichele labda wana haki. Lakini jaribu lenyewe si masingizio. Mtu ana mali ya Kanisa ya kulinda, mali iliyotolewa kweli kwa ajili ya maskini na Misa za marehemu. Mkubwa wa nchi amemwuliza swali la dhamiri. Na jibu ambalo mkubwa analipenda ndilo pia litakaloiokoa mali. Shakespeare hasemi kwamba Askofu Mkuu asema uongo. Pengine anaiamini hoja yake. Ameonyesha tu kwamba mtu yule hakuwa huru alipoitoa, akatuacha tuendelee na safari.

Kutoka hapo mzigo unashuka. Katika Kiswahili twasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mchezo mzima ni ushuhuda wa methali hiyo.

Mbele ya Harfleur mfalme awaambia wakubwa wa mji kwamba wasipofungua milango, askari wake hawatazuilika tena: wasichana, wazee, watoto wachanga kwenye mikuki. Kisha awauliza: na mimi nina kosa gani, kama ninyi wenyewe ndio sababu? Maneno hayo Olivier aliyatoa katika sinema yake, kama alivyotoa habari ya wale mabwana watatu wa Southampton. Hatushangai. Watu waliokuwa vitani mwaka 1944 walihitaji mfalme asiye na madoa.

Njiani kutoka Harfleur, Bardolph, mlevi mmoja aliyekuwa rafiki wa mfalme wakati wa ujana, anyongwa kwa sababu ameiba kanisani kibao cha amani, kile ambacho waamini walikibusu katika Misa. Mchezo wenyewe wasema kilikuwa cha bei ndogo. Mfalme aambiwa, asema wezi wote wa namna hiyo wakatwe vivyo hivyo, na watu wa nchi wasinyang'anywe kitu. Amri hiyo ni njema. Lakini msomaji aliyefundishwa na Mtakatifu Agustino hawezi kusahau habari ya yule haramia aliyekamatwa na Aleksanda Mkuu, katika kitabu cha nne cha Mji wa Mungu: kuna wizi wa jahazi moja, na kuna wizi wa merikebu nyingi. Bardolph alichukua kibao. Bwana wake amekuja kuchukua nchi nzima, na baraka ameipata kwa Askofu Mkuu.

Twafika usiku wa kuamkia vita. Mfalme avaa joho la mzee Sir Thomas Erpingham, apita kambini kama mtu asiyejulikana, na kuwakuta askari watatu: Court, Bates na Williams. Awaambia kwamba yeye angefurahi kufa pamoja na mfalme, kwa kuwa vita vyake ni vya haki na heshima. Williams ajibu mara moja kwamba jambo hilo wao hawana njia ya kulijua. Bates aongeza kwamba haiwapasi hata kulitafuta: wao ni raia, kama mfalme amekosa, utii wao wawaondolea kosa. Ndipo Williams atoa neno lake. Asema kama vita si vya haki, mfalme atakuwa na hesabu nzito, siku ile miguu yote na mikono na vichwa vilivyokatwa vitakapokusanyika na kulia kwamba walikufa mahali fulani, wengine wakilaani, wengine wakiita mganga, wengine wakiwaza wake zao walioachwa maskini, madeni yao na watoto wao wasio na msaada.

Tumesoma mahubiri mengi juu ya hukumu ya mwisho. Machache yamefika hapo.

Mfalme ajibu, na jibu lake ni refu na zuri kwa kusikia. Asema baba akimtuma mwanawe kwa biashara, na mwana akafa baharini katika dhambi zake, baba hana hatia. Vivyo hivyo bwana aliyemtuma mtumishi na fedha, na mtumishi akauawa na wanyang'anyi. Kila raia amwia mfalme utii, lakini roho ya kila mmoja ni yake mwenyewe. Basi kila askari asafishe dhamiri yake. Nani atakataa? Hata sisi twawaambia waamini hivyo. Lakini Williams hakuuliza juu ya dhambi za askari. Aliuliza kama safari yenyewe ni halali. Mtakatifu Tomaso, katika sehemu ya pili ya Summa, ametufundisha masharti matatu ya vita vya haki: amri ya mwenye mamlaka, sababu ya haki, na nia iliyo sawa. Williams ameuliza la pili, na mfalme amejibu la nne ambalo halipo. Fratri akijibu namna hiyo katika mtihani wa maadili, twampa alama ndogo sana, hata kama lugha yake ni tamu.

Lakini Bates naye tusimcheke. Neno lake ni karibu sana na fundisho la Francisco de Vitoria, mwalimu wa Salamanca, aliyefundisha juu ya haki ya vita mwaka 1539. Asema watu wadogo, ambao hawaitwi katika shauri la mfalme, hawalazimiki kuchungua sababu za vita; waweza kuwaamini wakubwa wao, isipokuwa udhalimu ukiwa wazi machoni pa wote. Wanaolazimika kuchungua ni wale wanaokaa barazani na kusikilizwa. Basi sasa tupande tena ngazi ile tuliyoishuka. Askari amwamini mfalme. Mfalme alimwuliza Askofu Mkuu, tena mara mbili, akamwamini. Na Askofu Mkuu alimwamini nani? Yeye ndiye aliyejua vitabu. Mzigo wote wa Azincourt, miguu na mikono ya Williams, umekaa juu ya mtu mmoja aliyekuwa akihesabu mashamba. Naye Askofu Mkuu hatokei tena katika mchezo hata mara moja. Wafratri wetu wawili walifurahi: walivua mavazi baada ya tendo la kwanza, wakaenda kukaa pamoja na watazamaji.

Askari wanapoondoka, mfalme anabaki peke yake na kulalamika kwamba wafalme hawapati usingizi kama mkulima. Twakiri kwamba hapo hatukumhurumia sana. Lakini baadaye apiga magoti na kusali, na sala hiyo kila mwungamishi angepaswa kuisoma. Amwomba Mungu asikumbuke, siku ile moja tu, kosa la baba yake katika kulipata taji. Aonyesha alichofanya: mwili wa Richard ameuzika upya kwa heshima, amelia machozi mengi juu yake, maskini 500 anawalipa kila mwaka wamwombee, na makanisa madogo mawili amejenga ambamo mapadri wanaimba kwa ajili ya roho yake. Kisha yeye mwenyewe akiri kwamba yote hayo hayana thamani. Hasemi wazi kwa nini. Sisi twajua, kwa maana tumeketi katika kiti cha kitubio: machozi yapo, sadaka ipo, Misa zipo, lakini kitu kilichoibwa bado kiko kichwani. Mtu huyo anaijua teolojia ya malipizi kuliko Askofu Mkuu wake. Anachoomba ni kwamba isitumike leo.

Kulipopambazuka yaja ile hotuba ambayo watoto wa shule Uingereza huijua kwa moyo. Mfalme asema hataki hata mtu mmoja zaidi, ili heshima isigawanywe kwa wengi. Asema kila mwaka katika sikukuu ya Krispino mzee atawaonyesha jirani makovu yake, na majina ya wakubwa waliopigana yatakuwa ya kawaida kinywani mwake kama vyombo vya nyumbani. Na kila anayemwaga damu siku hiyo pamoja na mfalme atakuwa ndugu yake, hata akiwa wa ukoo wa chini. Ni maneno yenye nguvu ya ajabu. Tuliyasoma mara ya kwanza tukiwa wadogo, tukasimama kitini. Lakini sasa tazameni majina yanayotajwa: Bedford, Exeter, Warwick, Talbot, Salisbury, Gloucester, pamoja na Harry mfalme mwenyewe. Wote ni mabwana. Mzee yule wa makovu ana makovu tu, jina hana. Na watakatifu wa siku hiyo, Krispino na Krispiniano, walikuwa mafundi wa viatu, mashahidi wa Soissons, katika nchi hiyo hiyo ya Ufaransa iliyokuwa ikivamiwa.

Vita vimekwisha. Mjumbe wa Wafaransa, Montjoy, aja kuomba ruhusa ya kuzika wafu, na hasa kuwatenga wakubwa na wadogo, kwa kuwa damu ya wakulima imechanganyika na damu ya wakuu. Watazamaji Waingereza humdharau hapo: tazama kiburi cha Wafaransa, hata maiti wana vyeo! Wangoje kidogo. Mfalme aletewa orodha ya wafu wake mwenyewe, aisoma kwa sauti: Edward, Duki wa York, Konti wa Suffolk, Sir Richard Ketly, Davy Gam, bwana mdogo. Kisha asema hakuna mwingine mwenye jina, na wa kawaida ni 25 tu. Asubuhi walikuwa ndugu. Jioni wanne wana majina, na 25 ni hesabu.

Tena hesabu yenyewe. Katika ukurasa ule ule wa Holinshed ambao Shakespeare aliusoma, imeandikwa kwamba 25 ni taarifa ya baadhi ya watu, lakini waandishi wa kuaminika zaidi wasema walikufa zaidi ya 500 au 600. Shakespeare alikuwa na hesabu zote mbili mbele ya macho, akachagua ile ndogo. Wengine wasema alifanya hivyo kwa kuwapendeza watazamaji. Ushindi usio na wafu ni mtamu. Labda. Lakini katika orodha hiyo hayumo hata mmoja wa wale wavulana waliolinda mizigo, ambao Kapteni Gower ametuambia hakubaki hata mmoja mzima. Kuhusu wafungwa Wafaransa pia kuna maneno mawili: kwanza twamsikia mfalme akiamuru wauawe kwa sababu adui wamekusanyika tena, punde Gower asema mfalme aliamuru hivyo kwa sababu wavulana wameuawa, na amsifu. Sababu nzuri imekuja baada ya tendo. Mtungaji aliyeweka hayo kando kwa kando hakusahau. Anamwachia kila mmoja achukue anachoweza kubeba.

Mfalme aamuru waimbe Non nobis na Te Deum, na atishia kifo kwa yeyote atakayejisifu kwa ushindi ambao ni wa Mungu peke yake. Non nobis ni sehemu ya zaburi ile ya In exitu Israel ambayo Kanisa liliimba katika Masifu ya jioni ya Dominika, wimbo wa watumwa waliotoka Misri. Hatusemi kwamba Henry alikuwa mnafiki; twamwona mnyofu hapo. Lakini kumpa Mungu ushindi wote ni pia njia ya kumpa Mungu hesabu yote. Te Deum sisi pia twaijua: tarehe 30 Juni 1960 iliimbwa katika kanisa kuu la Léopoldville, asubuhi ile ya uhuru. Ni sala nzuri. Yafaa tu anayeiimba aulizwe kama amesikia swali la Williams kabla ya kushika kitabu cha nyimbo.

Na Williams? Yu hai. Usiku ule alikuwa amegombana na mgeni yule wa joho, wakabadilishana glavu kwa ahadi ya kupigana kofi vita vikiisha. Sasa mfalme amchezea mchezo na glavu hiyo, kisha ajifunua. Williams apiga magoti, lakini hataki kukubali kosa: ulikuja kama mtu wa kawaida, asema, uliyoyapata ni kwa kosa lako mwenyewe. Mfalme amwamuru mjomba wake ajaze glavu kwa fedha na kumpa. Kapteni Fluellen amwongezea shilingi moja ya kutengeneza viatu, Williams akaikataa. Juu ya fedha za mfalme hatusikii neno lake lolote. Ameuliza swali juu ya hukumu ya mwisho, amelipwa glavu iliyojaa.

Hatutaki kuusifu mchezo mzima. Tendo la tano, mfalme anapomposa Katherine kwa Kifaransa kibovu, limetuchosha. Wafratri walilipunguza nusu na hakuna aliyelalamika. Mabwana wa Ufaransa wamechorwa kama wapumbavu wanaosifu farasi wao, na hilo ni jambo rahisi mno kwa mtungaji mkubwa hivyo. Katika mchezo wake wa ujana juu ya Henry wa Sita kuna mabaya zaidi: Mtakatifu Yohana wa Arko ameonyeshwa kama mchawi na mwongo. Yeye alichomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431, katika mji ulioshikwa na mabwana wa Uingereza, kwa hukumu iliyoongozwa na Askofu Pierre Cauchon, ambaye hakuwa Mwingereza bali Mfaransa aliyekuwa upande wao. Hukumu hiyo ilifutwa mwaka 1456, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920. Hapo majivuno ya taifa yalimfunga Shakespeare macho kama yalivyomfunga mtu yeyote. Miaka michache baadaye, katika Henry V, anaona zaidi. Maneno ya mwisho ya mchezo yanakumbusha kwamba mtoto wa mfalme huyu alikuja kuipoteza Ufaransa na kuifanya Uingereza itoke damu. Henry alikufa Vincennes mwaka 1422, mwanawe hajatimiza mwaka mmoja. Mwaka 1453 ya yale yote yaliyotekwa ulibaki mji wa Calais.

Juu ya Chichele, yule wa kweli, kuna jambo moja tunalolijua vizuri. Alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury tangu mwaka 1414 hata kifo chake mwaka 1443. Aliishi basi kuona vita vyote vya Henry na sehemu kubwa ya maangamizi yaliyofuata. Mwaka 1438, akiwa mzee, pamoja na mfalme kijana Henry wa Sita, alianzisha huko Oxford nyumba ya mapadri wasomi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwaombea waliokufa katika vita vya Ufaransa. Nyumba ipo hata leo, nayo yaitwa All Souls, maana yake Roho Zote. Hati ya kuianzisha yataja kwanza Mfalme Henry wa Tano na ndugu yake Duki wa Clarence, kisha maduki, makonti, mabaroni, wapanda farasi, mabwana wadogo, kwa taratibu ile ile ya siku zote. Halafu yataja raia wengine walioanguka vitani. Na mwisho waamini marehemu wote. Wale wavulana wa mizigo wamo humo.